Ushuru wa Utumbo

Mililita mbili.
Sista Kadzo aliinua bomba la sindano lisilo sindano
hadi usawa wa bega lake, akangoja.
Maziwa hayasukumwi, alisema. Yanashuka yenyewe.
Nami niliyezoea kupigia kelele madereva wa malori
nikanyamaa, nikaitazama dang'a ya mke wangu,
manjano kama ukuta wa nyumba ya bibi pale Kuze,
ikipita kwenye mrija mwembamba kama uzi wa kofia
hadi tumboni mwa mtu wa gramu mia tisa na arobaini.

Wiki ya ishirini na nane. Hana jina bado.
Kitandani pameandikwa: Mtoto wa Mwanatumu.

Mimi ni karani wa kutoa mizigo Kilindini.
Miaka kumi na mmoja nimejifunza jambo moja:
hakuna kasha lipitalo bure.
Bandari hula kwanza, bara isubiri.
Lakini siku ya tano, mizani iliposhuka,
nilisahau kazi yangu.
Nilimwendea Daktari Shamsa kama mteja aliyeibiwa:
tumempa hiki, tumempa na hiki,
mbona haonekani kupokea? Mzigo uko wapi?

Hakucheka. Nyuma ya karatasi ya vipimo
akachora mrija uliojikunja,
ndani yake akatia malaika,
vinyweleo kama vya mkononi, si wa mbinguni.
Huu ndio unaokula kwanza, alisema.
Protini ya maziwa hukatwakatwa
ikawa vipande, asidi amino,
nawe wadhani vyote vinakwenda kwenye misuli, kwenye ini.
Vingi haviondoki hapa.
Glutamati huchomwa papo hapo, kama makaa,
utumbo upate moto wa kufanyia kazi.
Threonini nyingi hubaki ikawa ute
unaopakwa ukutani, vijidudu visitoboe.
Ukuta wake mpya, baba. Lipu haijakauka.

Na ile chupa ya mshipani?
Ile haipiti huku.
Nikasema: basi ni magendo.
Hapo ndipo alipocheka.
Magendo yanamlisha, akasema, yanamweka hai,
ila utumbo usiopitiwa na kitu husinyaa.
Nikaona gati lisilofikiwa na meli,
majani yakiota katikati ya reli za kreni.

Saa tisa usiku Mwanatumu anakamua
kwenye benchi la ukumbini, chini ya feni yenye kilio.
Kunguru wa Mombasa hawajaamka.
Yametoka matone manane tu, ananiambia,
naona haya kuyapeleka.
Yapeleke.
Hayafiki mbali, matone manane.
Hayafiki mbali, nikamjibu, lakini yanafika.

Haba na haba, wasema, hujaza kibaba.
Hapa kibaba chenyewe bado kinachongwa,
na mchongaji ndiye anayekula hiyo haba.

Mama mkwe amekuja na uji wa pilipili manga,
amefuta kioo kwa ncha ya leso, amechungulia.
Amenenepa?
La, mama. Anajenga.
Anajenga nini, kwa mifupa ile?
Nikataka kumweleza, nikamwonyesha mchoro,
akaugeuza juu chini, akaniuliza kama ni ramani ya Makupa.

Kazini leo mfanyabiashara wa vigae amenifokea:
bandari yenu inakula sana!
Kwa kawaida humtolea orodha ya ada, mstari kwa mstari.
Leo nimepiga mhuri polepole
nikalitazama tumbo lake, kubwa, lenye kushiba,
nikawaza: nawe ulianza kwa kulipa.

Jioni Sista Kadzo ameminya tumbo la mwanangu kwa kidole kimoja.
Laini, amesema. Halijavimba.
Amenionyesha nepi kama mtu anayeonyesha hati ya kiwanja.
Mizani imepanda gramu nne.
Nne. Nimeziandika kwenye risiti ya mtu mwingine.

Tutaongeza, akasema, akifuta kalamu kwenye aproni.
Mililita tatu, kuanzia saa sita.